Sifa za gari hazizuii kutu ya Malindi

Mhariri,

Hivi majuzi mlichapisha barua ya msomaji wa Kilifi aliyemshauri kijana anayetafuta gari lake la kwanza la kazi asijisumbue kulinganisha, bali anunue Toyota, alale usingizi. Siandiki kumbeza msomaji huyo, kwani ushauri huo nimewahi kuutoa mimi mwenyewe, na Probox, gari dogo la mizigo la Toyota, ninayo hadi leo. Naandika kwa sababu kwa miaka kumi na minane nimekuwa nikichukua maembe, nazi na matikiti kutoka Marafa, Garashi na mashamba ya kando ya mto Sabaki, nikiyaleta soko la Malindi na hoteli za Watamu. Kila shilingi inayomezwa na gari naiandika katika daftari, na daftari langu na usingizi huo haviafikiani.

Mwaka 2019 nilinunua magari mawili katika muda wa miezi minne, yote yakiwa yameundwa mwaka 2012, kwa hiyo yalikuwa bado ndani ya ile miaka minane ambayo kanuni zetu zinaruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini. La kwanza lilikuwa Probox, kwa shilingi 690,000. La pili lilikuwa Nissan AD ya gia za mkono, kwa shilingi 530,000. Yote mawili ni magari ya mizigo midogo, yenye injini za lita moja na nusu, na umbo lake halina urembo wowote wa kumtoa mtu macho. Nilipomwuliza muuzaji ile tofauti ya shilingi 160,000 ninalipia kitu gani, hakufungua boneti wala hakuinama kunionesha chini ya gari. Aliigusa nembo ya mbele kwa ncha ya kidole, akatabasamu, nami nikalipa.

Nissan ilipofika nyumbani, kila aliyepita alinipa pole. Wanaume wa barazani kwetu Shella, ambao huamini kwamba mwanamke akinunua gari lazima awe amedanganywa, walinieleza kwa zamu kwamba gia boksi za Nissan hufa mapema. Kila mara ilinibidi niwaoneshe mkono wa gia na pedali ya klachi, kwa kuwa gia boksi waliyokuwa wakiisema ni ile ya CVT, yaani ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, na gari langu halikuwa nayo kabisa.

Hata hivyo maneno yao yalituingia. Mpwa wangu, aliyekabidhiwa Nissan, alikuwa akiliogopa gari lile kama mtu anayelala na mgonjwa ndani. Oili aliibadilisha kila kilomita 5,000 bila kukumbushwa, na akisikia mlio mdogo wa bushi alikwenda kwa fundi siku hiyo hiyo. Dereva wa Probox, mtu mzima aliyenizidi uzoefu, hakuwa na hofu yoyote. Kila nilipomwuliza kuhusu sevisi alinijibu, "Toyota haifi, mama," nami nilimwamini kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa nikiamini kabla hajasema. Daftari linaonyesha kwamba mwaka 2021 Probox iliwahi kwenda kilomita 11,000 bila kubadilishwa oili, na mara nyingine zaidi ya 13,000, tena katika vumbi la njia ya Garashi na ikiwa imepakiwa matikiti mpaka matairi ya nyuma yanajificha. Mwaka 2022 ilianza kutoa moshi wa buluu. Fundi alipofungua kifuniko cha juu cha injini alinionesha utope mweusi, mzito kama lami, umeziba njia za oili. Injini nyingine ya mtumba, pamoja na ufundi, ilinigharimu shilingi 84,000. Kufikia mwisho wa mwaka uliopita, ukiondoa petroli, bima na matairi, Probox ilikuwa imenila shilingi 318,000 na Nissan shilingi 243,000, na hapo sijahesabu zile 160,000 za nembo.

Najua magari mawili si utafiti, na sitaki msomaji aondoke akidhani kwamba nimemwambia Nissan ni bora kuliko Toyota. Injini ya 1NZ iliyokuwa katika Probox yangu ni miongoni mwa injini ngumu zilizowahi kuingia nchini mwetu. Haina mkanda wa kubadilishwa kila baada ya kilomita kadhaa bali ina mnyororo, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika Fielder na Premio nyingi mnazoziona barabarani. Haikufa kwa udhaifu wake. Tuliiua sisi, na tuliiua kwa sababu iliitwa isiyokufa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi wa upande huu wa Pwani, ambao wagema ni majirani zetu, tunajua kwamba hayo hutokea kweli. Lakini naona methali hiyo ilimsahau mnywaji, ambaye akisikia mgema anasifiwa sana huacha kuonja kabla ya kulipa.

Liko jambo jingine juu ya Probox ambalo wanunuzi wa magari ya mtumba hawalifikirii. Gari hili lilitolewa mwaka 2002 kwa ajili ya makampuni ya Japani yanayosambaza bidhaa, na sifa yake hapa Kenya imejengwa na wasafirishaji wa miraa na muguka, ambao hulikimbiza usiku kucha likiwa limejaa hadi darini. Tunapoona gari limestahimili mateso hayo tunasema ni imara, na ni kweli. Lakini Probox inayouzwa leo kwa bei ya heshima huenda ni ile ile iliyoteswa jana. Sifa imetokana na mateso, na anayenunua hulipia sifa kisha akabebeshwa na mateso yenyewe. Gari lisilo na jina, lililokuwa likimpeleka mwalimu shuleni na kumrudisha, huuzwa kwa bei ya chini na kukaa yadi miezi miwili bila mtu wa kuliuliza.

Tena hilo jina tunalolilipia mara nyingi si la aliyeliunda gari. Probox ina nembo ya Toyota, lakini huundwa na Daihatsu, kampuni iliyomilikiwa yote na Toyota tangu mwaka 2016, katika kiwanda chake kilicho Kyoto. Passo, ambayo imejaa katika mitaa ya Mombasa na Malindi, ni pacha wa Daihatsu Boon. Nissan AD yangu nayo iliuzwa kwa miaka mingi na Mazda kwa jina la Familia Van, na baadaye Mitsubishi wakaiuza kwa jina la Lancer Cargo. Kisha mwaka 2018 Mazda waliachana na Nissan, na Familia Van ya tangu hapo ni Probox iliyobadilishwa nembo. Kwa hiyo mtu akikuletea Mazda Familia Van, mwulize kwanza ni ya mwaka gani, kwa kuwa ya mwaka 2016 ni Nissan na ya mwaka 2019 ni Toyota iliyoundwa na Daihatsu, na katika yadi zetu zote mbili huitwa Mazda na hupewa bei ya Mazda. Nimemwona kijana mmoja akiikataa Familia Van ya mwaka 2019 kwa hoja kwamba spea za Mazda ni taabu, kisha akaongeza shilingi 110,000 na kuchukua Probox iliyosimama gari la tatu kutoka hapo. Sikumwambia kitu, maana alikuwa amekwisha kulipa, na kumwambia kungekuwa kumtonesha kidonda.

Desemba 2023 Daihatsu walikiri kwamba majaribio ya usalama ya magari yao yalikuwa yakichezewa, na kwamba aina 64 za magari zilihusika, zikiwemo 22 zilizouzwa kwa nembo ya Toyota. Tukio la zamani kabisa lililogunduliwa lilikuwa la mwaka 1989. Kampuni ilisimamisha kupeleka magari yote sokoni, na viwanda vikafungwa kwa muda. Ni haki kusema pia kwamba serikali ya Japani iliyachunguza magari hayo na kuyaruhusu hatua kwa hatua, na kwamba Probox ilikuwa miongoni mwa ya kwanza kurudi kuundwa, Februari 2024. Silitaji jambo hili ili watu wazikimbie Passo zao. Ninachosema ni kwamba yale majaribio ambayo mnunuzi wa Malindi huyaamini kwa kutazama nembo yalifanywa na mtu mwingine, katika jengo lingine, na mwenye nembo mwenyewe alisema hakuwa na habari.

Hapa ndipo nataka kuzungumzia mahali tunapoishi, kwa sababu mjadala huu huendeshwa kama kwamba gari ni gari popote lilipo. Sisi tunaishi kwenye chumvi. Mtu akiegesha gari karibu na ufuo usiku mmoja, asubuhi kioo cha mbele kina utando unaonata. Na anayepita kila siku Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi, anaendesha gari ndani ya kachumbari. Chumvi haisomi nembo. Mwaka 2016 Toyota, bila kukiri kosa, walikubali katika mapatano ya kesi huko Marekani kukagua, na inapobidi kubadilisha, chasisi za magari ya Tacoma, Tundra na Sequoia yapatayo milioni moja na nusu, kwa gharama iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4, kwa sababu chasisi hizo zilikuwa zikiliwa na kutu hadi kutoboka. Huko chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Hapa kwetu huletwa na upepo wa bahari mwaka mzima bila malipo. Hayo yalikuwa magari ya kampuni ile ile tunayoambiwa tununue tulale.

Probox yangu, ambayo injini yake sasa ni nzima, iko kwa fundi wa kuchomea wiki hii, kwa kuwa vizingiti vya milango vimeoza na sakafu ya nyuma imepata matundu mawili ambayo mkono wa mtoto unapita. Fundi ananiambia kutu ile ilianza kabla gari halijafika Mombasa. Sina namna ya kuthibitisha, lakini Japani nako kuna theluji, na gari lililotoka Hokkaido au mikoa mingine ya kaskazini huja na chumvi ya kwao kabla halijaonja ya kwetu. Muuzaji wangu alikuwa amelipaka chini rangi nyeusi inayong'aa, nami nikaipenda ile rangi. Leo nikiona gari la mtumba limepakwa rangi mpya chini, hutoa funguo mkobani na kukwaruza pale pale, na muuzaji akikasirika najua amenijibu.

Joto na unyevu navyo vina kesi yao. Wasomaji wengi watakuwa wamesikia habari za Takata, kampuni ya Japani iliyotengeneza mifuko ya hewa ya kumkinga dereva na abiria, iliyofilisika mwaka 2017 baada ya makumi ya mamilioni ya magari kuitwa yarudishwe kubadilishiwa vifaa hivyo. Ndani ya kifaa cha kuujaza mfuko hewa mlikuwa na kemikali ya naitreti ya amoniamu, ambayo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevunyevu huharibika, na siku ya ajali hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni mwa aliyeketi mbele. Watu zaidi ya ishirini wamepoteza maisha kwa namna hiyo. Marekani ilipopanga nani ahudumiwe kwanza, ilianza na sehemu zenye joto na unyevu mwingi, kama vile Florida, Hawaii na Puerto Rico. Yeyote aliyewahi kukaa Malindi mwezi wa Machi, kabla masika hayajaanza, atajua sisi tungewekwa kundi gani. Magari yaliyohusika yalikuwa ya Honda, Toyota, Nissan, Mazda, BMW na wengineo, yaani majina yote tunayoyapanga juu na chini kana kwamba ni daraja za pepo, yalikuwa yamenunua kifaa kimoja kutoka duka moja. Usione vyaelea, vimeundwa. Na katika gari la leo, waundaji ni wengi kuliko nembo.

Juu ya CVT, kwa kuwa ndiyo hofu kubwa ya watu, nitasema machache. Hofu hiyo haikuzushwa. Nissan wenyewe waliongeza muda wa dhamana ya gia boksi hizo huko Marekani kwa magari ya miaka ya 2003 hadi 2010. Lakini wanaoikimbia Nissan kwa sababu ya CVT mara nyingi hukimbilia Fielder au Axio za kuanzia mwaka 2006, ambazo nyingi zina CVT vilevile. Na gia boksi hizo, za kampuni yoyote, hutaka mafuta yake maalumu, si yale ya gia za otomatiki za kawaida ambayo baadhi ya mafundi wetu humimina humo kwa sababu ndiyo yaliyopo kwenye rafu. Nimewahi kuona fundi mmoja, simtaji, akiiua gia boksi ya mteja kwa lita nne za mafuta yasiyo yake, kisha akatikisa kichwa na kusema, "Nissan hizi!"

Sitaki kuwa mtu asiyetenda haki kwa upande wa pili. Jina lina thamani yake, na thamani hiyo ni ya kweli pale ambapo spea na soko vinahusika. Nikihitaji breki, plagi au shokomzoba za Probox saa kumi jioni, nazipata hapa Malindi kabla ya magharibi. Za Nissan mara mbili nimengoja zije na basi la asubuhi kutoka Mombasa, na matikiti hayangoji. Probox yangu, na kutu yake, bado naweza kuiuza wiki hii kwa bei isiyoniaibisha. Mtu anayefikiria hayo na kuamua kulipa zaidi ana hesabu yake, nami simlaumu. Ninayemwonea huruma ni yule anayelipia spea na soko huku akiamini amelipia chuma kisichochakaa.

Tena heshima hiyo ya spea huhama. Marehemu baba alikuwa na Peugeot 504, na katika nyumba yetu hakuna gari lililotajwa kwa adabu kama lile. Peugeot ilikuwa imeshinda mashindano ya magari ya Safari Rally mara sita, ya kwanza mwaka 1963 na ya mwisho mwaka 1978, na wakati huo teksi za masafa marefu ziliitwa kwa jina lake. Kisha magari ya mtumba kutoka Japani yakaingia kwa wingi katika miaka ya 90, maduka ya spea yakabadilisha rafu, mafundi waliolijua gari lile wakazeeka, na gari la baba likabaki chini ya mkwaju likingoja pampu ya maji kwa miezi saba. Chuma chake kilikuwa kile kile. Kilichoondoka ni watu na maduka yaliyolizunguka. Jina lenyewe halikuwahi kuwa kitu cha kushika mkononi, na ushahidi mmoja tunao kila siku: hadi leo mtu wa makamo kama mimi husema anapanda "nissan", yaani matatu, kwenda Mombasa, ilhali gari analoliingia ni Toyota HiAce.

Mhariri, ombi langu ni dogo. Mnapochapisha kurasa za magari, wakati mwingine waelezeni wasomaji vitu ambavyo nembo haivionyeshi: gari liliundwa na nani hasa, lina gia boksi ya aina gani na inataka mafuta gani, na namna ya kutumia nambari ya chasisi katika kurasa za watengenezaji wa Japani ili kujua kama gari liliwahi kuitwa kurudishwa na kama lilirekebishwa. Waelezeni pia kwamba karatasi ya ukaguzi inayotolewa na mnada wa Japani gari linapouzwa huko huonyesha kilomita na alama za kutu, na kwamba mnunuzi ana haki ya kumtaka muuzaji aitoe na itafsiriwe mbele yake. Mimi karatasi hiyo sikuijua mwaka 2019, na aliyeniuzia hakuona sababu ya kunijulisha.

Kama yule kijana aliyeshauriwa na msomaji wa Kilifi bado hajalipa, na aje Malindi siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Daftari nitampa alisome, na Nissan hurudi kutoka Marafa kabla ya saa nne asubuhi. Nitamtandikia gunia, alale chini yake, atazame mwenyewe.

Mchuuzi wa matunda,
Shella, Malindi